Timazi na Bega la Kushoto

Nina tabia mbaya ambayo uzee haujaniondolea. Mtu akiingia mlangoni kwangu, kabla sijamwitikia salamu, huwa nimeshamtazama mabega. Nikimaliza mabega nashuka kwenye nyonga, kisha magoti, na nikija kufika usoni mgeni huwa ameshaanza kujikagua nguo, akidhani amechafuka mahali. Wanangu wamenikanya mpaka wamechoka. Nawaambia si kosa langu, nilifundishwa Unguja miezi mitatu nikapewa na cheti.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya hamsini. Ilikuwa imeamuliwa kwamba skuli za wasichana nazo ziwe na mazoezi ya viungo, yale tuliyoyaita drili, tukakusanywa walimu wa kike wachache tufundishwe na bibi mmoja wa Kizungu. Alikuwa mrefu, mwembamba, sauti yake ndogo hata ukikaa nyuma humsikii, lakini jicho lake halikumkosa mtu. Alitueleza kwamba huko kwao zamani watoto walifundishwa mazoezi kama askari: mikono juu, mikono chini, geuka kulia. Waliamrishwa kwa pamoja na hakuna aliyemtazama mtoto mmoja mmoja. Baadaye walimu wakaanza kujiuliza wanamnyoosha nani, na amepinda wapi. Wakawa wanawasimamisha watoto mbele ya ukuta mweupe na kuchora vivuli vyao, wakawapiga picha kwa ubavu, wakaning'iniza nyuzi. Vyombo vingi vilibuniwa, alisema, lakini chombo cha kwanza ni jicho la mwalimu, na jicho lisilofundishwa huona lilichozoea tu.

Alitundika timazi kwenye msumari juu ya mlango. Ni timazi hiihii ya mafundi wa kujenga, uzi na kipande cha risasi. Akatusimamisha kwa ubavu mmoja mmoja. Uzi ukipita sikioni, begani, kwenye nyonga, gotini, ukateremka mbele kidogo ya kifundo cha mguu, mwili huo ni mzuri. Ukipita kwingine ni wastani au mbaya, kutegemea umepotea kiasi gani. Kisha unamtazama kwa nyuma, mabega na nyonga. Mwisho kabisa unamwambia ainame mbele, mikono ining'inie. Hapo alikuwa akinyanyua kidole. Mgongo uliopinda kwa mfupa ukiinama hutokeza nundu upande mmoja, na mgongo uliopinda kwa uvivu au mazoea ukiinama hunyooka wenyewe. Bila kuinama, alisema, mtu anaweza kukudanganya.

Yote hayo niliyaandika daftarini kwa wino. Siku ya mwisho aliwaambia wenzangu kwamba mimi ndiye mwenye jicho, na kichwa kikanivimba kwelikweli. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja.

Nikapelekwa Pemba. Mama alilia bandarini, baba akasema mwaka mmoja tu kisha nirudi niolewe. Skuli yangu ilikuwa nje kidogo ya Wete, kwenye njia ya Gando, vyumba viwili vya madarasa na ua wa makuti nyuma yake. Mwalimu mkuu alikuwa mwanamke wa makamo, naye mtu wa Unguja, mkali, mwenye hofu ya daima kwamba wazazi watawatoa watoto. Kila asubuhi aliwahesabu wasichana kwa kidole kabla ya kusema lolote. Alihangaika miaka sita nyumba kwa nyumba kuwapata wale thelathini na mmoja, na alikuwa na haki ya kuogopa, ingawa wakati ule mimi nilimwona mwoga tu.

Drili tuliifanyia ndani ya ua. Makuti yalinyanyuliwa juu kupita kichwa ili mpita njia asione kitu, na hata hivyo kulikuwa na mikarafuu ya jirani iliyotuzidi urefu, basi siku wachumaji wakipanda upande ule drili husimama na watoto wanaingia darasani kusoma. Wasichana walinicheka lafudhi yangu ya mjini, nami niliwacheka ya kwao, tukapatana.

Siku ya kwanza ya kuwapima nilitundika timazi kwenye mlango wa stoo nikaanza. Nilifanya kama nilivyofundishwa: kimya, macho yakipanda na kushuka, kisha naandika. Sikufika hata mtoto wa tano. Mama mmoja aliyemleta bintiye aliyechelewa alikuwa amesimama pale penye ua, akaniita kwa adabu.

"Bi Mwalimu, samahani. Wamtazama mwana wa ntu kitwa mpaka miguu, kimya kimya, kisha waandika. Siye hapa hatutazami hivyo. Sema mashaallah."

Nikasema mashaallah. Tangu siku hiyo nilisema mashaallah kwa kila mtoto kabla sijamtazama, na kwa wale niliowaona wazuri nilisema mara mbili, na kina mama wakatulia. Jambo jingine nililolibadilisha ni lile la kuinama. Kumwambia msichana mkubwa ainame mbele ya wenzake, nyuma kukiwa juu, nami nimesimama huko nyuma namwangalia, niliona ni kutafuta maneno. Kila msichana pale alikuwa na somo wake, yaani yule mwanamke mtu mzima anayemfunda mambo ya ukubwa, na masomo wale hawakuhitaji sababu kubwa kuja juu. Nikaliacha. Nilijiona nina busara kupita yule bibi wa Kizungu, kwamba mimi najua heshima ya watu na yeye hajui. Chati yangu, iliyobandikwa ukutani darasani, nikaijaza kwa kutazama ubavu na mgongo tu: mzuri, wastani, mbaya.

Wiki chache baadaye mwanamke mmoja alikuja skuli na sahani ya mkate wa kumimina. Binti yake alikuwa mkubwa, karibu kumaliza, na amekwisha kuposwa. Aliniuliza nilimwandika nini. Nikamwambia, mzuri. Akaomba nimwandikie hilo kwenye karatasi.

Sikuelewa mpaka aliponieleza. Kule, kama kwetu, upande wa mume hutuma wanawake kwenda kumtazama msichana. Huomba maji ya kunywa ili waone anavyotembea na gilasi, humpa sindano atie uzi ili wajue macho yake, humwambia asogeze mkeka ili waone anavyochuchumaa. Wanatafuta ila, yaani kasoro yoyote ya mwili. Sasa ilikuwa imesikika kwamba skulini kuna mwalimu mwenye uzi kutoka Unguja, anayeona ila iliyojificha ndani ya mwili, na serikali ndiyo iliyomtuma. Wanawake wa upande wa mume walikuwa wameuliza: mwalimu amesemaje?

Ningepaswa kucheka na kumwambia, bi mkubwa, huu ni uzi wa drili tu, hauhusu ndoa ya mtu. Badala yake nikamwandikia. Baada ya huyo akaja mwingine. Nilikula mikate ya kumimina mwezi mzima. Nikipita njiani wanawake walioketi barazani walikaa wima, na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi sana kuwaona wanakaa wima kwa ajili yangu.

Katika darasa la juu kulikuwa na binti mmoja aliyekaa dirishani. Alikuwa na miaka kumi na tano, mweusi wa kung'aa, mchache wa maneno. Hesabu zilikuwa mchezo kwake. Katika kupima kwa mwanzo ndiye ambaye uzi ulimpita sawasawa kuliko wote kila mahali ulipotakiwa, nikamsimamisha mbele ya wenzake wamwige, akasimama dakika nyingi bila kutikisika. Saa ya mapumziko alinifuata kuniuliza kuhusu Unguja, ile skuli ya kusomea ualimu. Je, ni kweli wasichana hulala hukohuko? Je, hupewa vitabu? Nami nilimwambia yote, na nikaongeza chumvi. Nilimweleza vitanda vilivyopangwa safu na taa inayowashwa kwa kubonyeza. Mtihani wa kuingia ulikuwa mwisho wa mwaka, na hapakuwa na mtu skulini aliyekuwa na shaka kwamba yeye atapita.

Ikaja likizo ya karafuu. Watoto walikwenda mashamba kuokota na kuchambua, na mimi nikakaa Wete nikishona. Tuliporudi nikasikia binti wa dirishani ameposwa na mtoto wa ami yake, mtu mwema kwa maelezo ya watu, ana shamba upande wa Gando. Harusi ilikuwa ifanyike kabla ya mtihani. Nilisikitika, lakini hayo yalikuwa mambo ya kawaida na mimi mgeni, nikanyamaza.

Nilipotundika timazi mara ya pili, akaja kusimama mbele yangu na bega lake la kushoto limeshuka.

Nilidhani naota. Nikamwambia ajinyooshe, akajaribu, bega likapanda kidogo na nyonga ya kulia ikatoka nje. Nikamtazama kwa nyuma. Gauni lilikuwa limeinama upande mmoja, na hata mshono wa katikati ya mgongo ulikwenda kombo. Nikamuuliza kama anaumwa. Akasema haumwi. Nikamuuliza likizoni alikaa vipi akichambua karafuu, akasema alikaa kwa ubavu kutwa, ameegemea mkono wa kushoto. Nikaona basi sababu ni hiyo. Nikaandika, mbaya.

Nilimpa mazoezi. Kuning'inia kwenye boriti ya stoo, kunyoosha mkono wa kushoto juu ya kichwa, kutembea na kitabu kichwani. Aliyafanya yote kwa utiifu, na kila wiki alikuwa mbaya zaidi kuliko wiki iliyopita. Hapo ndipo woga uliponiingia. Nilikuwa nimesikia habari za watoto ambao mgongo wao huliwa na maradhi ndani kwa ndani mpaka wanakuwa vibyongo, na nilikumbuka kwamba mtoto kama huyo kumning'iniza ni kumuua. Darasani nilikuwa naandika ubaoni huku nageuka kila mara kumtazama pale dirishani, na kila nikigeuka namkuta anaandika, kichwa kimelala upande. Nikamzuia kuning'inia. Nikamwambia mwalimu mkuu tumpeleke hospitali, akaniambia nisubiri kwanza, mtoto wa watu ameposwa, tusitangaze.

Lakini lilikuwa limeshatangazwa. Wanawake wa upande wa mume walikuja skulini wawili, wakauliza mwalimu amesemaje, na mimi sikuwepo. Msichana mmoja wa darasa la chini, kwa kutaka kujiona mtu, akawaonyesha chati ukutani. Mmoja wao alijua kusoma.

Posa ikasimama. Haikuvunjwa, ilisimama, jambo ambalo ni baya zaidi kwa sababu kila mtu hupata muda wa kuzungumza. Siku ya tatu mama yake akaja. Alikuwa mwanamke mpole, mdogo wa umbo, akavua viatu mlangoni ijapokuwa ile ilikuwa ofisi tu.

"Mie sikuja kugombana, mwalimu," alisema. "N'na swali moja tu. Mwanangu nlikuletea nzima. Mwanzo wa mwaka ulimsimamisha mbele ya wenziwe wote wakamtazama, au siyo?"

Nikasema ndiyo.

"Ulisema mashaallah?"

Nilitaka kusema ndiyo kwa haraka, nikajikuta sikumbuki. Nilisema siku ile, nadhani nilisema. Lakini kwa yule mmoja, nilipokuwa nimeshangazwa na uzi ulivyompita sawa, nilisema au nilisahau? Yeye aliona nilivyosita. Akavaa viatu akaondoka, na mimi nikabaki na kiti changu.

Ikaenea kwamba mwalimu wa Unguja ana kijicho. Jumatatu walikuja wasichana ishirini na sita, Jumatano ishirini na wanne. Mwalimu mkuu aliwahesabu, akawahesabu tena, kisha akaniita. Hakunipigia kelele, na ningependa angenipigia. Alisema miaka sita yake naiteketeza kwa uzi wa fundi. Alisema amezungumza na wazee wa pande zote mbili, wamekubali niende nyumbani kwa msichana, nimtazame tena mbele ya wanawake wao, nitoe neno moja: ana ila au hana. Nikiwa na neno la uhakika, watu watatulia. Nisipokuwa nalo, nitapanda meli ya Unguja inayofuata, na yeye mwenyewe ataandika barua ya kueleza kwa nini.

Nilikwenda Alhamisi baada ya swala ya adhuhuri, timazi ndani ya mkoba. Jua lilikuwa la kuchoma. Njia nzima nilikuwa naomba Mungu bega liwe limepona, na nikishamaliza kuomba hilo naogopa, maana likiwa limepona watasema uzi wangu ni wa uongo, na lisipopona watasema nimemharibu mimi. Sikuona mlango wa kutokea.

Wanawake walikuwa sita katika chumba cha ndani, madirisha yamefungwa nusu. Wanne wa upande wa mume, wamekaa kwenye mkeka na migongo yao ukutani. Mama wa msichana. Na somo wake, bibi mmoja mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, ambaye wote walimpa heshima. Niliwaamkia mmoja mmoja, wakaitika marahaba. Nikatundika timazi kwenye msumari wa mlango. Risasi ikawa inazunguka haitulii, na sote tukakaa tukiisubiri isimame.

Akaingizwa. Amejifunga kanga kifuani na nyingine mabegani. Somo akamvua ile ya mabegani. Bega la kushoto lilikuwa chini vidole vitatu, nyonga imetoka, na mmoja wa wale wanne akavuta pumzi. Mama yake akatazama chini.

Nikamzunguka. Nilitazama nilichokuwa nimetazama wiki zote zile, sikuona jipya. Nilikuwa karibu kusema, ni kweli, mgongo umepinda, apelekwe hospitali, na hilo lingekuwa mwisho wangu pale Pemba. Ndipo nikakumbuka kile kidole cha yule bibi wa Kizungu. Sijui kwa nini sikukumbuka mapema, au najua vizuri: nilikuwa nimeliacha jambo lile kwa ajili ya heshima, nikajisifu kwa kuliacha, na mtu hakumbuki kirahisi kitu alichojisifu kukiacha.

"Naomba ainame," nikasema. "Mbele, mikono chini."

Wale wanne wakatazamana. Mmoja akauliza, ainame kwa nini, mbele ya wakweze? Nikaeleza kwa maneno machache. Somo akafikiri, akachukua kanga, akamfunga kiunoni mara mbili ikashuka mpaka vifundoni.

"Ainame," akasema. "Siye pia hapa twawainamisha wanetu. Hatuandiki tu."

Binti hakuinama. Alisimama amegeuza kichwa kidogo, nami nilikuwa nyuma yake. Nikaona shingo yake ikikaza. Somo akamwita kwa jina, taratibu, akainama.

Mgongo ulishuka sawa. Nilipitisha kidole kutoka shingoni mpaka kiunoni, pingili kwa pingili, na kila pingili ilikuwa mahali pake. Kulia na kushoto hapakuwa na tofauti ya hata upana wa kucha. Mgongo ule haukuwa na maradhi wala mazoea. Aliyekaa kwa ubavu mwezi mzima akichambua karafuu angekuwa na ugumu upande mmoja, ungeusikia kwa kidole. Huyu hakuwa na kitu. Alikuwa ameamua.

Nikasogea ubavuni pake nikainamisha macho, na pale chini, nyuma ya mkono wake ulioning'inia, nikakuta ananitazama. Kichwa juu chini, damu imemjaa usoni, macho makubwa. Hakutikisa kichwa, hakufanya ishara yoyote. Ananitazama tu, na mimi nikaelewa yote kwa mara moja: alivyonisikiliza nikieleza nini ni mwili mzuri na nini ni mwili mbaya, alivyowaona wale mama na sahani zao, alivyojua kwamba neno langu moja kwenye chati litafika Gando kabla ya jua kuzama. Alichukua somo langu la drili akalifanyia kazi vizuri kuliko mwanafunzi yeyote niliyewahi kumfundisha.

Mtihani ulikuwa umebaki wiki tatu.

Nasema ukweli wangu hapa kwa sababu sina tena wa kumwogopa. Nilikuwa na nafasi. Hapakuwa na mwingine mle ndani aliyekijua nilichokijua kwa kidole. Wanawake wote sita hawakuwa wakiutazama mgongo wa binti, walikuwa wananitazama mimi uso. Ningesema, bado sina hakika, nipeni mwezi. Ningesema apelekwe hospitali ya Wete, na daktari angechukua wiki tatu zake kama kawaida. Posa ingesubiri, na watu wangenisema, wangenisema sana. Nilifikiria meli. Nilifikiria baba yangu bandarini akinipokea na barua ya mwalimu mkuu. Na chini ya woga huo kulikuwa na kitu kingine ambacho nakionea haya kuliko woga: nilifurahi. Hatimaye nilikuwa nimeona. Jicho langu lilikuwa limedanganywa wiki sita na sasa limejua, na nilitaka wajue kwamba limejua.

"Hana ila," nikasema. "Mgongo wake mzima kabisa. Ni mkao tu, utaondoka."

Mmoja akapiga kigelegele, na wengine wakamfuata. Mama yake akaanza kulia huku anacheka, akanishika mikono yote miwili akaibusu. Somo hakupiga kigelegele. Alivua miwani akaifuta kwa ncha ya kanga, akamtazama msichana, kisha akanitazama mimi kwa muda mrefu, na nilijua kwamba yeye alikuwa amefahamu pengine tangu siku ya kwanza na hakusema kitu. Ndoa ikapangwa Ijumaa ya wiki ile iliyokuwa ikija, maana muda ulikuwa umepotea.

Wanawake walitoka kwenda ukumbini kunywa chai. Nilibaki kufungua timazi, na fundo likakataa. Binti alikuwa amebaki vilevile pale katikati ya chumba. Alikuwa ameinuka. Mabega yake yalikuwa sawa, yote mawili, na alikuwa anajifunga kanga ya mabegani bila haraka.

"Ulijua lini, mwalimu?"

"Sasa hivi," nikasema. "Ulipoinama."

Akaitikia kwa kichwa kana kwamba jibu lile alilitegemea. Nilitaka kumwambia kitu, kwamba ataweza kusoma hata akiwa ameolewa, kwamba mume wake ni mtu mwema. Maneno yote niliyokuwa nayo yalikuwa ya aina hiyo.

"Nlitaka nfike mtihani tu," alisema. Sauti yake haikuwa na hasira. "Wiki tatu. Kisha ningenyooka mwenyewe."

Kutoka ukumbini mama yake alimwita, wageni wanamsubiri. Akaitika, "Labeka, mama," akachukua sinia la vikombe lililokuwa juu ya sanduku, akatoka nalo kuwapa wakweze chai.